Siku Birika Liliponyamaza

Jina la Birika alilitunga Mama Muhuri, na kwa miaka tisa alijivunia. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya yule karani mpya wa mafaili, mwanamume mwembamba aliyevaa sweta la kahawia siku ya jua kali. Alipanda ngazi za ghorofa mbili mpaka masjala, akafika anahema, na kifuani mwake kikatoka kimlio chembamba, kirefu, cha maji yanayokaribia kuchemka. Mama Muhuri alikuwa kaunta akigonga barua mihuri. Akainua kichwa akasema, "Jamani, nani kasahau birika jikoni?" Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata bosi akatoka chumbani kwake kuuliza kulikoni. Karani mpya naye akacheka, maana angefanya nini? Kicheko kikamletea kikohozi, kikohozi kikaongeza mlio, na jina likaganda hapo hapo.

Mama Muhuri hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele huko mtataka kunibishia. Alikuwa mcheshi, mkarimu wa maandazi yake, mtu wa kukumbuka mtoto wa nani anafanya mtihani. Kasoro yake ilikuwa moja, na yeye aliihesabu kuwa sifa. Kila karatasi iliyoingia ofisini ilipita mikononi mwake: anagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, anaandika tarehe, anatia sahihi, nakala moja anamrudishia aliyeileta, ya pili anaitupa kwenye trei ya bosi. Aliweza kugonga barua mia huku akisimulia harusi tangu posa hadi kugombania mapambo, bila kutazama mkono wake. Wateja wakimwambia, "Mama, naomba uisome kidogo ujue shida yangu," aliwajibu, "Kusoma ni kazi ya wenye viti vya kuzunguka. Mimi ni kugonga tu." Na watu walicheka, kwa kuwa alijua kusema.

Birika naye alikuwa mtu wa kusoma. Alipewa chumba cha nyuma, kirefu na chembamba kama korido, rafu za chuma kila upande zimejaa mafaili mpaka darini, na mwisho wake dirisha moja lililokataa kukaa wazi mpaka alipolikingia kipande cha boksi. Alijua kila faili lilipo. Ungemtajia mtu aliyestaafu wakati yeye yuko shule ya msingi, angenyoosha mkono gizani akalitoa. Kila karatasi aliipa namba kwa kalamu nyekundu kwenye pembe ya juu, folio ya kwanza, ya pili, ya tatu, na alikuwa na msemo wake kwamba folio haitoki ndani ya faili bila kuacha pengo.

Jinsi alivyofika kwenye vumbi la chumba kile ni jambo la kukasirisha. Alikuwa na miaka miwili alipopata homa ya mapafu iliyomlaza hospitali mwezi mzima. Alipona homa, akabaki na kifua. Utoto wake wote ulikuwa hivyo: watoto wenzake wanapata mafua, wanapenga kamasi siku tatu, wanarudi kwenye mpira, yeye mafua yale yale yanamshukia kifuani, yanambana, mama yake anamkalisha kitandani ameinama mbele na mto tumboni. Shule ilimwita Filimbi. Kwa hiyo alipokua akaikimbia kazi ya ujenzi ya baba yake, akaikimbia saruji na mbao, akasomea ukarani ili akae ofisini mahali pasafi. Ofisi ikampa chumba chenye vumbi la miaka arobaini. Alipomsimulia Mama Muhuri habari hizi wakinywa chai, mama yule alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema, "Kaka yangu, wewe balaa linakujua kwa jina!"

Alimpenda, ndiyo. Alimwita kaka, na mke wa Birika, fundi cherehani aliyekuwa akija mara moja moja kumletea mumewe chakula, alimwita wifi. Na mlio ule wote walikuwa wameuzoea. Bosi akimtafuta Birika hakumwita; alisikiliza tu akajua yuko rafu ya ngapi. Siku ulipokuwa juu walisema birika limechemka, siku ulipokuwa chini walisema moto umepungua, na Birika mwenyewe akajifunza kusema hivyo hivyo. "Leo nachemka, dada," angesema akiingia, akitoa mfukoni pampu yake ndogo ya buluu, anavuta mara mbili, anashika pumzi, anakwenda zake nyuma kufanya kazi.

Mwaka mmoja kabla ya siku aliyonyamaza, Birika alifanya jambo lisilo la kawaida. Hakuingia kwa mlango wa wafanyakazi. Alisimama mbele ya kaunta, kwenye foleni, kama mwananchi, na zamu yake ilipofika akaweka karatasi mbili zilizofanana.

"Dada, naomba unipokelee. Imetoka kwa daktari wangu."

"Haya tena! Birika limeandika barua!" Mama Muhuri akawageukia waliokuwa nyuma. "Nyie mlishaona birika lenye barua?"

"Ukipata nafasi uisome," Birika alisema kwa sauti ya chini. "Inawahusu na nyie mnaokaa na mimi."

"Nitaisoma, kaka, nitaisoma." Akagonga ya kwanza, akagonga ya pili, tarehe, sahihi, moja akamrudishia, ya pili kwenye trei, na simulizi aliyokuwa akimpa jirani yake ikaendelea pale alipoiachia. Bosi alikuta barua ile chini ya nyingine thelathini, akaandika pembeni neno moja, "Ihifadhiwe," kama alivyoandika kwenye zile thelathini. Trei ikarudi masjala. Na mtu wa kuhifadhi karatasi masjala alikuwa nani kama si Birika? Akaipokea barua yake mwenyewe, akaitazama kwa muda, akaipa namba kwa kalamu nyekundu, akaitia ndani ya faili lake, akalirudisha rafuni. Hakuuliza tena. Alikuwa na haya, na nadhani alichoka.

Sasa njoo kwenye mafua ya Mama Muhuri.

Yalimwanza Jumatatu, mafua ya nguvu, macho mekundu, pua kama bomba bovu. Angeweza kubaki nyumbani. Bosi mwenyewe alimwambia, "Mama, si ungepumzika?" Lakini alikuwa na msimamo wake kwamba mafua si ugonjwa, ni uvivu unaotafuta hati ya daktari, na wiki mbili baadaye wakaguzi walikuwa wanakuja, hivyo alitaka aonekane anachapa kazi. Akapiga chafya siku nne mfululizo. Akapenga kwa leso ile ile, akashika mafaili kwa mkono ule ule, akampelekea Birika. Na kwa kuwa upepo ulikuwa unamtia baridi, alikwenda mwenyewe chumba cha nyuma, akakichomoa kile kipande cha boksi, akafunga dirisha.

"Dada, hapo mimi ndipo napumulia," Birika alimwambia.

"Na mimi ndipo ninapougulia. Wiki moja tu, kaka, usiwe na roho ndogo."

Alhamisi Birika akaanza kupiga chafya. Ijumaa akaja na koo limekauka. Mama Muhuri, ambaye sasa alikuwa amepona na anakula vizuri, alimpa pole akamtania kwamba amemwibia mafua yake. Jumatatu Birika alipanda ngazi zile akipumzika kila baada ya hatua nne, na mlio ulimtangulia. Tangu mlangoni walimsikia.

"Leo hata kifuniko kinaruka!" Mama Muhuri alisema.

Birika hakucheka. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, mabega yamepanda mpaka masikioni, akaongea kwa vipande. "Pampu... imeisha. Mke wangu... amefuata nyingine. Akija... mpitishe, dada. Tafadhali."

"Atapita. Si wifi yangu?"

Alipaswa kurudi nyumbani, au aende hospitali moja kwa moja, na wapo watakaosema mwenyewe alijitakia. Wasemao hivyo hawakumwona bosi akitoka chumbani na orodha ya mafaili ya zamani sitini na mawili yaliyotakiwa kufutwa vumbi na kupangwa upya kabla ya wakaguzi. "Birika, leo ni leo. Yatoke ya rafu za nyuma kabisa." Birika akachukua orodha.

Asubuhi ile chumba cha nyuma kilipiga mlio mpaka mgeni mmoja wa bosi akauliza kama kuna mashine inatengenezwa. Bosi akaona aibu, akatoa kichwa mlangoni. "Mama, mwambie Birika apunguze moto, nina mgeni." Mama Muhuri akapaza sauti kuelekea nyuma, "Kaka, bosi anasema upunguze moto!" Wakacheka wote, na mgeni naye akacheka alipoelezwa. Kutoka nyuma hakukuja jibu, ila ule mlio, kuvuta kidogo na kutoa kwa muda mrefu.

Saa nane mchana ukashuka. Ulikuwa umeanza kukatika katika, kisha ukawa mwembamba kama uzi, kisha haukusikika tena. Mama Muhuri ndiye aliyegundua kwanza, maana sikio lake lilikuwa limeufuata mlio ule miaka tisa. Alisimamisha muhuri hewani. "Mnasikia?" Wakanyamaza wote kusikiliza. "Kimya. Birika limeipuliwa." Na alisema kwa furaha ya kweli, kwa kuwa moyoni alishaanza kuona haya kidogo juu ya yale mafua na lile dirisha. Sasa mtu amepoa, yameisha.

Haikupita robo saa, mke wa Birika akaingia anakimbia, pini za kushonea bado zimechomekwa kifuani kwenye gauni, mkononi kiboksi kidogo cha dawa. Duka la kwanza halikuwa nayo, wala la pili. Ameipata la tatu, upande wa pili wa mji. "Wifi, yuko wapi? Nimpelekee."

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na kibao kilichokataza wasiohusika, na kibao kile hakikuwahi kumzuia mtu yeyote. Mama Muhuri angesogea tu hatua moja apite. Lakini alitaka kumpa habari njema, na alitaka aitoe kwa madoido kama kawaida yake. Akamshika mkono.

"Pole na safari, wifi. Tulia kwanza. Kaka ameshapoa."

"Amepoa? Asubuhi alikuwa hawezi hata kufunga vifungo vya shati."

"Hebu sikiliza." Akainua kidole. "Sikiliza vizuri. Unasikia kitu?"

Yule mwanamke akasikiliza. Kumbuka alikuwa amelala ubavuni pa mlio ule miaka kumi na minne. Aliujua kuliko anavyojua sauti yake mwenyewe, na kila siku aliomba Mungu aamke asiusikie. Sasa haukuwapo. Kilichosikika kutoka nyuma kilikuwa kitu kingine kabisa, kitu kinachogonga chuma polepole, ko, ko, halafu kimya, halafu ko.

"Hiyo nini?"

"Anapanga mafaili, anayagonga kwenye rafu yakae sawa. Yuko kazini, wifi, ukimwingilia sasa bosi atamfokea yeye. Niachie dawa, nitampa akitoka."

Mke wa Birika alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akasema alhamdulillahi. Akaacha kile kiboksi juu ya kaunta. "Usiku hakulala hata dakika. Akimaliza mwambie asipitie popote, aje alale." Akashuka ngazi taratibu, safari hii bila kukimbia. Mama Muhuri akakitia kiboksi kwenye droo yake, pamoja na wino na leso zake, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na alikuwa na hadithi katikati.

Saa tisa na nusu bosi akataka faili moja kati ya yale sitini na mawili. Mama Muhuri akaenda nyuma analalamika magoti. Birika alikuwa ameketi kwenye kile kigoda chake cha kupandia rafu, ameinama mbele, kiwiko kimoja gotini, na mkono wa pili umeshika kalamu nyekundu kwa upande wa nyuma, imeegemea chuma cha rafu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya risasi. Macho yalikuwa wazi na yalimtazama. Shingo ilijikaza, tumbo likaingia ndani, na hakikutoka kitu, hata mlio. Kalamu ikagusa chuma mara moja zaidi. Kati ya rafu ile na kaunta kulikuwa na ukuta wa ubao tu. Alikuwa amesikia kila neno.

Mama Muhuri alipiga ukelele. Wanaume wawili wakambeba Birika wakashuka naye, bosi akatoa gari lake, na hospitali ilikuwa mbali kiasi cha dakika ishirini. Walipofika, tabibu alimwekea kifuani sikio la mpira la kusikilizia, akalihamisha, akalihamisha tena, akauliza, "Huyu ameacha kutoa mlio tangu saa ngapi?" "Saa nane," akajibu mmoja wa waliombeba.

Siku mbili baada ya mazishi bosi aliagiza faili la Birika liletwe ili lifungwe. Hapakuwa na karani wa kulitafuta, Mama Muhuri akalitafuta mwenyewe nusu siku nzima. Alilifungua akiwa wima pale pale kati ya rafu. Folio ya kumi na saba ilikuwa barua ya daktari. Akaisoma, mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi kusoma karatasi kutoka juu mpaka chini, na alipofika chini akaona muhuri, tarehe, na sahihi yenye mkia mrefu. Halafu aliichomoa, akaikunja mara nne, akaisukuma ndani ya sidiria, upande wa kushoto. Akachukua kalamu nyekundu ya marehemu iliyobaki juu ya rafu na kugeuza kumi na nane kuwa kumi na saba, kumi na tisa kuwa kumi na nane. Aliimaliza kazi, na jioni nyumbani akaichoma ile barua jikoni. Alilia, kama mnataka kujua. Alilia sana, na akaichoma.

Wiki iliyofuata mjane alikuja. Alipanga foleni. Ilipofika zamu yake akaomba vitu vya mumewe, na Mama Muhuri akamkabidhi sweta la kahawia, kikombe, kalamu. Akasita, kisha akafungua droo akatoa kile kiboksi, hakijafunguliwa. Mjane akakirarua, akaitoa pampu, akaielekeza hewani, akabonyeza. Ikatoa moshi mweupe, pss, ukapotea juu ya kaunta. Akabonyeza tena.

"Ilikuwa nzima," alisema mjane.

"Wifi yangu, kazi ya Mungu haina—"

"Nina swali moja. Mume wangu aliwahi kuwaandikia chochote kuhusu kifua chake?"

Mama Muhuri alitazama mlango wa bosi, ulikuwa umefungwa. "Hapana, wifi," akasema. "Hakuna kitu tulichopokea."

Mjane akafungua mkoba wake. Ile nakala ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, imenyooka, maana Birika hakuwa mtu wa kukunja karatasi. Akaiweka juu ya kaunta, akaigeuza imtazame Mama Muhuri.

"Nimeikuta kwenye sanduku lake. Nisomee."

"Wifi, si unajua kusoma—"

"Najua. Nimeisoma mpaka nimeikariri. Nataka kuisikia kwa sauti yako."

Mama Muhuri aliangalia foleni, hakuna aliyemsaidia. Akaanza, na sauti yake, iliyozoea kujaza ofisi nzima, ilitoka kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni. Akasoma kwamba mhusika ana pumu tangu utotoni. Akasoma kwamba vumbi linamdhuru, lakini hatari kubwa zaidi kwake ni mafua na maambukizi ya njia ya hewa, na asikae chumba kimoja na mtu mwenye mafua, na awekwe penye dirisha. Hapo akakwama.

"Endelea," alisema mjane.

"'Wenzake wafahamishwe... kwamba mlio wa kifua ukikoma ghafla na hawezi kuongea, hajapata nafuu. Hewa haipiti tena. Asiachwe peke yake. Apewe dawa yake ya kuvuta na akimbizwe hospitali dakika hiyo hiyo.'"

"Rudia hapo penye mlio."

Akarudia. Machozi yalikuwa yakimdondokea juu ya kaunta na hakuna aliyempa leso.

"Na chini kabisa," mjane akasema, akiweka kidole chenye alama za sindano kwenye wino wa buluu, "hapa pameandikwa nini?"

"Imepokelewa," akajibu Mama Muhuri.